Shule ya Umma, Lakini Umma Gani?

Kuna swali ambalo kila Mkenya anayehamia majuu na watoto lazima akutane nalo. Mtoto aende shule ya serikali ama ya kibinafsi? Na kila mtu ana jibu. Shangazi aliye Minnesota anakuambia ya serikali ni bure na basi linachukua mtoto karibu na mlango. Mjomba aliye Doha anakucheka, huko mgeni analipa karo na stori imeisha.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sitakuambia ni wapi kuna walimu wazuri. Lakini hili swali lina historia, na historia yenyewe iko hapa hapa Nairobi. Twende Ngara.

Jamhuri High School unaijua. Mizizi yake ni ya 1906, na ilianza kama shule ya watoto wa Wahindi waliofanya kazi na reli. Baadaye iliitwa Duke of Gloucester, halafu uhuru ukaleta hilo jina la Jamhuri. Reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa 1896 na ikafika Kisumu 1901. Waingereza walileta karibu wafanyakazi 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, wengi wa waliobaki wakarudi kwao, na chini ya 7,000 ndio waliamua kukaa. Kwa hivyo ile stori kwamba kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa mjenga reli si kweli. Wengi walikuja baadaye kwa nauli yao, wakiwa makarani, mafundi, watu wa duka. Na wakifika na familia, swali lilikuwa lile lile la shangazi na mjomba.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja aliyeitwa Fraser aliandikia serikali ya mkoloni ripoti kuhusu elimu. Alipendekeza kila rangi iwe na shule zake, na Mwafrika apewe zaidi kazi za mikono. Idara ya elimu ikaanzishwa 1911, na mpango ukaenda hivyo. Mzungu huku, Mhindi kule, Mwarabu pale, Mwafrika amebaki na misheni. Pesa za serikali zilifuata hiyo ngazi kutoka juu kwenda chini.

Angalia mlowezi sasa. Huyo pia alikuwa mhamiaji, tunasahau. Amefika Kenya, anataka mtoto asome. Mwaka 1931 serikali ilimfungulia Prince of Wales School, ile tunaita Nairobi School leo. Majengo unayaona mpaka sasa, yamejengwa kama ya watu wanaopanga kukaa milele. Hiyo ilikuwa shule ya serikali! Shule za kibinafsi zilikuwepo, Pembroke House ya Gilgil ilifunguliwa 1927, na wengine walipeleka watoto Uingereza kwa meli. Lakini kwa mzungu wa kawaida, shule ya serikali haikuwa kitu cha kuonea aibu. Ilikuwa yake, na hakuna mtoto mwingine angeingia.

(Kwa Waingereza hata neno lenyewe limechanganyikiwa. Shule zao za bei ghali kabisa, kama Eton na Winchester, wanaziita za umma. Zamani ilimaanisha mtoto yeyote kutoka mahali popote anaweza kuingia, bora alipe. Hapo kwa kulipa ndipo umma ulikuwa unapungua.)

Mhindi yeye alikuwa katikati. Serikali ilimpa shule, lakini chache, na zikijaa zimejaa. Kisha kulikuwa na mambo ya nyumbani. Mtoto atafunzwa Kigujarati ama Kiingereza peke yake? Msichana atasoma wapi? Dini je? Kwa hivyo jamii zikaanza kuchanga. Waismaili walikuwa na shule Zanzibar kutoka 1905 chini ya Aga Khan wa tatu. Arya Samaj wakajenga, Masingasinga wakajenga, Waoshwal wakajenga. Wagoa wa Nairobi walikuwa na Dr. Rosendo Ribeiro, yule daktari aliyezunguka mjini amepanda punda milia (si utani, kuna picha), naye akatoa pesa ya shule iliyobeba jina lake.

Ile inanifurahisha zaidi iko Mombasa. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa kijana mdogo, akaja kufanya biashara pwani, na akafungua maduka mpaka Uganda. Alikufa 1916. Mwanawe akatoa pesa shule ijengwe kwa kumbukumbu yake, na ikafunguliwa 1923. Lakini haikubaki ya familia, ilikabidhiwa serikali. Sasa hiyo utaiweka upande gani? Pesa ni ya mtu binafsi, walimu ni wa serikali, na wanafunzi wakati huo ni Wahindi. Na zile shule za jamii nazo zilipata ruzuku kidogo kutoka kwa mkoloni. Huo ukuta kati ya umma na kibinafsi tunaochora leo, wazazi wa wakati huo hawakuuona hivyo. Waliona mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa, wakajenga wa tatu.

Nawapa heshima, lakini sitawapaka mafuta. Walijengea watoto wao. Mtoto Mwafrika aliyeishi mita mia mbili kutoka kwa hizo shule hakuingia, mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni ambapo baadhi zilianza kufungua. Babu zetu hawakuwa wanachagua kati ya umma na kibinafsi. Walikuwa na shule ya misheni ama mbuzi, na wale waliojaribu kujenga zao, kama shule huru za Wakikuyu, mkoloni alizifunga wakati wa hali ya hatari.

Uhuru ukafika 1963. Tume ya Ominde 1964 ikasema shule za rangi ziishe. Na ziliisha, kwa karatasi. Zile zilizokuwa za wazungu ziliendelea kuitisha karo ya juu, kwa hivyo aliyeingia ni mtoto wa waziri na wa katibu, si wa mama mboga. Wazungu waliobaki wakasogea kwa shule za kibinafsi. Wahindi wengi wakashikilia zile za jamii. Kumbuka, jengo la Prince of Wales halikubadilika, uwanja ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kukaa darasani. Mtu akiniambia watu walihama kwa sababu viwango vilianguka, nitamuuliza viliangukaje haraka hivyo.

Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia zaidi ya 176,000 Kenya. Miaka michache baadaye maelfu walikuwa kwenye ndege. Sheria za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Machi 1968 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwazuia, kwa siku chache tu. Waliofika wakawa wahamiaji tena. Swali likarudi, lakini huko halikuwa hata lao kujibu. Southall, magharibi mwa London, wazazi weupe walikuwa wamelalamika kwamba shule zimejaa watoto wa wageni. Mwaka 1965 serikali ikatoa mwongozo kwamba watoto wahamiaji wasizidi theluthi moja ya shule. Ikawa watoto wadogo wa Kiasia wanapakiwa basi asubuhi wapelekwe shule za mbali. Weupe hawakupakiwa. Iliendelea mpaka miaka ya 80 inaanza. Na 1972, Amin alipowafukuza wa Uganda, baraza la jiji la Leicester liliweka tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaambia wasije. Kati ya sababu walizotoa ni kwamba watoto wanangoja nafasi za shule.

Baba ya Rishi Sunak alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Wakahamia Uingereza, baba akawa daktari, mama mfamasia, na mtoto wakampeleka Winchester kwa karo. Waingereza walipomcheka kwa utajiri, wengi waliona tu shule ghali. Mimi naona familia iliyojua kutoka Nairobi kwamba nafasi ya serikali inaweza kuwa na masharti yasiyoandikwa. Hata kama siasa zake sizipendi.

Leo Nairobi sisi ndio tunapokea wageni. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Inasema kila mtoto, si kila raia. Jirani yetu ni mama kutoka Bukavu. Alienda shule ya umma mara mbili na kijana wake wa miaka tisa, na mara mbili akaambiwa bila cheti cha kuzaliwa jina halitaingia kwa mfumo. Shule ya mabati nyuma ya kinyozi haikuuliza cheti, iliuliza karo ya wiki. Sasa mama analipa kila Ijumaa, na akikosa, Jumatatu kijana anashinda kwa ploti akisaidia watoto wa shule ya umma kufanya homuwaki ya Kiswahili.