Mkwaruzo wa Gitaa ni Kazi ya Fundi

Barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kupita mji wa Mikumi, wilayani Kilosa, inaelekea Zambia. Miaka ya 1970, magitaa ya pande mbili za barabara hiyo yalikuwa na sauti tofauti kabisa. Kule Zambia, bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga gitaa lenye mkwaruzo, ule mvumo mzito ambao wanamuziki huuita fazi au distosheni. Huku mkoani Morogoro, Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa safi, kila noti ikisikika peke yake. Kutokana na tofauti hiyo, ni rahisi mtu kuhitimisha kwamba sikio la Mtanzania lilikataa mkwaruzo, na kwamba kijana wa leo anayeutafuta kwa transista na betri anaiga ya wageni. Hitimisho hilo si sahihi. Historia ya mkwaruzo ni historia ya mafundi waliochokonoa vifaa vibovu, na ujuzi huo haujawahi kuwa mali ya nchi moja.

Mkwaruzo haukubuniwa maabara. Huko Nashville, Marekani, Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo wake Don't Worry, uliotoka mwaka 1961. Transfoma ya meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka likikoroma. Wangeweza kufuta na kurudia, lakini waliuacha mkoromo ule ndani ya wimbo, na wimbo ukapendwa. Fundi sauti Glenn Snoddy akaunda sakiti ya transista ya kutoa sauti kama ile kwa makusudi, na kuanzia mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi walikuwa wachache hadi mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia katika Satisfaction. Mwaka uliofuata ikatoka fazi nyingine, Fuzz Face, huko London, ambayo Jimi Hendrix aliitangaza duniani kwa vidole vyake. Sakiti ya kifaa hicho ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vizungushio 2. Vipande 11 tu! Redio ndogo iliyokufa kwenye meza ya fundi wa Kilosa ina vingi kuliko hivyo.

Kinachofanyika humo ndani kinaelezeka bila hesabu. Pikapu ya gitaa hutoa umeme mdogo, pengine sehemu ya kumi ya volti. Transista hulikuza wimbi hilo mara nyingi, lakini betri ni ya volti 9 na wimbi haliwezi kupanda kupita uwezo wa betri. Likigonga ukomo, kilele chake hukatwa kikawa bapa. Kukatwa huko huzaa mitetemo ya juu ambayo haikutoka kwenye waya wa gitaa, na hiyo ndiyo sikio huisikia kama mkwaruzo. Daiodi mbili zilizofungwa kwa kupishana, moja ikielekea huku na nyingine kule, hukata mapema zaidi: za silikoni kwenye volti 0.6 hivi, za jemaniamu karibu na 0.3. Tofauti hiyo hujitokeza vizuri kwenye ubao wa majaribio, ule wa plastiki wenye matundu madogo unaoitwa bredibodi, kwa sababu hakuna kulehemu. Matundu matano ya kila mstari yameunganishwa kwa chini. Unachomoa daiodi ya silikoni, unachomeka ya jemaniamu, unapiga waya uleule: sauti inapungua nguvu na ukali wake unalainika. Ukiondoa kapasita ya kuingizia ya mikrofaradi 0.1 ukaweka ya 0.01, besi inakonda na mkwaruzo unabaki mwembamba kama mlio wa nyuki.

Sasa turudi kwenye hoja kwamba sauti hii si yetu. Kilosa imepakana na Mpwapwa, na huko ndiko Ugogo, nchi ya ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba aliyoipeleka duniani Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, haitoi sauti safi, wala haikukusudiwa kuitoa. Sanduku lake hutobolewa matundu, na matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila chuma kikiguswa noti ifuatwe na mvumo. Huyo ni fundi aliyeongeza mkwaruzo kwa mkono wake, kwenye ala ya mbao isiyo na umeme wowote. Upande wa pili wa Kongo, kundi la Konono No. 1 la Kinshasa lilitengeneza maikrofoni za likembe, ndugu wa ilimba, kwa sumaku za vipuri vya magari, zikakwaruza, na mkwaruzo huo ndio uliolipeleka kundi hilo kwenye majukwaa ya Ulaya.

Mbona basi bendi za Mbaraka, Morogoro Jazz na Super Volcano, hazikupiga hivyo? Jibu liko katika mpangilio wa muziki wenyewe. Muziki wa dansi umesukwa kwa magitaa kadhaa yanayojibizana: solo, ridhim na besi, kila moja na njia yake. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye sakiti ya kukata wimbi, huzaa noti nyingine za ziada, za jumla na za tofauti ya mitetemo yao. Kwa gitaa moja linalopiga mstari mmoja, kama ilivyo kwenye roki, kukata huko huleta unene. Kwenye msuko wa dansi, huleta matope. Mbaraka alikuwa sahihi kulinda usafi wa gitaa lake, na usahihi wake hauthibitishi kwamba sikio la hapa linachukia mvumo. Kulikuwa na sababu nyingine ya chini kwa chini. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa za klabu, chama cha wafanyakazi, polisi au jeshi, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Si rahisi mtu kufungua amplifaya ya mwajiri wake ili aone kitakachotokea. Hata hivyo Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, waliopiga roki ya Kiafrika miaka hiyohiyo ya 1970, kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa.

Pingamizi la leo ni la bei: programu ya simu inatoa kila aina ya mkwaruzo, ubao wa nini? Kwa anayetaka sauti tu, programu inatosha. Lakini haimfundishi kwa nini sauti inabadilika, wala haimwambii kwamba transista za jemaniamu huvujisha umeme zaidi joto linapopanda, kiasi kwamba sakiti iliyonyooka alfajiri inaweza kuharibika sauti saa nane mchana. Katika joto la Kilosa hilo si jambo dogo, na ndiyo maana silikoni ndiyo ya kuanzia huku. Mtu hulijua hilo kwa kuchomeka, kusikiliza na kuchomoa.

Fizikia ya kidato cha nne imekuwa ikifundisha daiodi na transista kwa michoro ya ubaoni, na wanafunzi wengi humaliza bila kusikia transista ikifanya kazi. Mikumi kuna chuo cha VETA, na Kilosa kuna shule za sekondari na mafundi redio wenye masanduku ya vipuri. Walimu wa Fizikia na wa ufundi umeme wilayani humo waifanye sakiti ya mkwaruzo kuwa zoezi la vitendo, na bendi na kwaya za jirani ziwaazime wanafunzi gitaa moja la kujaribia.