Mafuta ya Karai Yalivyoikosa Injini Nakuru

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya kampuni ya Otto, ya muundo wa Rudolf Diesel, ilinguruma kwa mafuta ya karanga na ni wachache tu waliotambua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, macho yake yakiwa kwenye karanga za makoloni yake ya Afrika.

Wabelgiji nao walikuwa na mawese ya Kongo. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alisajili hataza ya kuyageuza mafuta mazito ya mimea kwa alkoholi ili yawe mepesi. Mwaka uliofuata basi la abiria likayatumia kati ya Brussels na Louvain. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hupitia njia iyo hiyo: yanachujwa, yanaondolewa maji, kisha yanachanganywa na methanoli na kostiki soda. Gliserini hutuama chini, dizeli ikabaki juu.

Lakini nyanda za juu za Bonde la Ufa zina baridi, jambo ambalo mgeni hatarajii karibu na ikweta. Mafuta mengi ya kupikia nchini Kenya ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na Molo, katika kaunti ya Nakuru, iko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai mawese huganda, na hata yakishageuzwa dizeli huanza kufanya ukungu joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Matatu iliyolala Molo ingegoma alfajiri, filta imeziba.

Hilo linatibika kwa kuchanganya na dizeli ya kawaida. Kazi ni kuyapata mafuta yaliyotumika. Hapa mafuta hayaitwi taka: yakichoka kwenye chipo hukaanga mandazi, hata yakiwa meusi kama strungi, na yakishindwa kabisa hufaa kwa sabuni. Mwaka 2014 iliripotiwa hata kwamba wezi walinyonya mafuta ya transfoma za umeme na kuwauzia wakaanga chipo, kwa kuwa hudumu zaidi kwenye karai. Kwingine ya karai yaenda kwenye mtambo. Kwetu ya mtambo yakaja kwenye karai!

Mnunuzi mwenye pesa amekuja, ila hana haja na matatu. Eni ya Italia hukusanya mafuta yaliyotumika kwenye hoteli za Nairobi, na Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kwenda Amsterdam ikitumia kiasi cha mafuta ya Eni yaliyotokana na mabaki ya aina hiyo. Matrela yanayopanda Mau Summit bado yanajaza dizeli ya bomba lililofika Nakuru mwaka 1994.