Ndovu wa Nusu Bei

Mahabalipuram, pwani ya Tamil Nadu, unaisikia kabla ya kuiona: nyundo na tindo zikigonga mawe mlangoni mwa maduka. Nilichagua ndovu mdogo wa jiwe, tukavutana bei na fundi hadi ikashuka nusu. Nikajiona mjanja kweli.

Kisha nikaenda Hekalu la Ufukweni, la karne ya 8, enzi za Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava. Mafahali wa mawe ukutani wameliwa sura na upepo wa chumvi. Kitabu changu cha wageni kilimsifu mfalme. Waliochonga je? Hata neno moja.

Nilikasirika. Halafu nikamkumbuka ndovu wangu mkobani. Fundi wake anaitwa nani? Sikuuliza.