Volkswagen Beetle: Gari moja lililobadilika kila lilikoundwa

MTU akiliona Volkswagen Beetle barabarani hahitaji kusoma jina lake. Mgongo wa mviringo kama gamba la kobe, taa mbili zilizotokeza mfano wa macho na ngurumo ya injini iliyofichwa nyuma vinatosha kulitambulisha. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kwamba gari hili lilikuwa lile lile popote lilipoundwa.

La hasha. Magari 21,529,464 ya aina hii yalitengenezwa hadi mwaka 2003 katika nchi mbalimbali, na nchi nyingi zililiachia alama zake. Kioo cha gari la Brazil huenda kisiingie katika gari la Ujerumani, na injini ya Mexico ya miaka ya 1990 ina vifaa ambavyo fundi aliyezoea magari ya zamani hajapata kuviona.

Tofauti hizo si jambo la kuwafurahisha wapenzi wa magari ya kale pekee. Zinafunza somo linalozihusu nchi zote zinazotamani kuwa na viwanda vya magari, Kenya ikiwemo: kukaza boliti za gari ni jambo moja, kulitengeneza ni jambo jingine.

Chimbuko lake

Gari hili lilibuniwa na mhandisi Ferdinand Porsche, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1934, enzi za utawala wa Adolf Hitler. Lengo lilikuwa kupata gari ambalo raia wa kawaida angelimudu. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa Mei 1938 mahali ambapo baadaye paliitwa Wolfsburg. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilivuruga mpango huo, na ni Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza aliyefufua kiwanda hicho mwaka 1945. Heinz Nordhoff alikabidhiwa uongozi Januari 1948, na Agosti 1955 gari la milioni moja likatoka kiwandani.

Muundo wake ulikuwa sahili. Injini ya silinda nne zilizolala ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Halikuwa na rejeta, hivyo hapakuwa na maji ya kuchemka katika joto wala kuganda katika baridi. Injini iliyotumika baada ya vita ilikuwa ya cc 1,131 na nguvu za farasi 25 tu.

Wakenya waliushuhudia uthabiti huo kwa macho yao. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953, magari ya Volkswagen yaliibuka na ushindi mwaka 1954, 1957 na 1962, yakipita katika tope na vumbi lililoyashinda magari yenye nguvu zaidi.

Kiwanda kimoja, magari tofauti

Hata magari yaliyotoka Wolfsburg hayakufanana yote. Kuanzia mwaka 1950, magari bora zaidi, yaliyoitwa ya Export, yalikuwa na breki za mafuta, ilhali yale ya bei nafuu yaliendelea kutumia breki zinazovutwa kwa waya hadi mwaka 1962.

Sheria za nchi za ng'ambo pia zililibadili gari. Magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa na taa na bampa zilizotofautiana na za Ulaya. Masharti ya kudhibiti moshi yalipokazwa huko, magari ya mwaka 1975 yalipelekwa yakiwa na mfumo wa kunyunyizia petroli katika injini badala ya kabureta. Mjerumani aliyenunua gari kama hilo mwaka huo huo alipata lenye kabureta.

Badiliko lililozigawa nchi zaidi lilikuja Agosti 1964, Wolfsburg ilipopanua madirisha. Kwa mtazamaji, hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa kiwanda, kila bati la mwili wa gari hukandamizwa kwa kalibu, na kalibu hizo hugharimu fedha nyingi mno. Nchi iliyokuwa imekwisha kununua kalibu zake haikuwa tayari kuzitupa ili tu madirisha yaongezeke upana.

Wajerumani walisonga mbele zaidi. Mwaka 1970 waliunda aina ya 1302 yenye mfumo mpya wa springi za mbele, na mwaka 1972 ikafuata 1303 iliyokuwa na kioo cha mbele kilichopinda. Brazil na Mexico hazikuzitengeneza aina hizo mbili. Zilibaki na springi za awali na kioo kilicho karibu kunyooka.

Fusca la Brazil

Nchini Brazil, magari ya kwanza yaliunganishwa mwaka 1953 kwa vipande vilivyotoka Ujerumani. Mambo yalibadilika mwaka 1956, serikali ya Rais Juscelino Kubitschek ilipozitaka kampuni za magari kutengeneza karibu vipande vyote humo nchini katika muda wa miaka michache. Volkswagen ilijenga kiwanda São Bernardo do Campo, karibu na São Paulo, na Januari 1959 ikaanza kuunda Beetle humo.

Wabrazili waliliita Fusca. Lilihifadhi madirisha madogo ya kando hadi mwisho, ndiyo maana Fusca la miaka ya 1980 huweza kudhaniwa kuwa gari la Ujerumani la kabla ya 1964. Ndani ya sura hiyo kongwe, hata hivyo, injini ilizidi kukua, kutoka 1200 hadi 1300, 1500 na 1600. Baada ya Brazil kuanzisha mwaka 1975 mpango wa kutumia alkoholi ya miwa badala ya petroli, yalipatikana pia mafusca yaliyokunywa alkoholi.

Kiwanda kilikoma kuyatengeneza mwaka 1986. Mwaka 1993, Rais Itamar Franco, aliyetaka wananchi wapate gari la bei nafuu, aliihimiza kampuni ilirejeshe. Likarejea na kuuzwa hadi mwaka 1996.

Vocho la Mexico

Mexico nayo ilitoa amri mwaka 1962 kwamba asilimia 60 ya gharama ya gari itokane na kazi na vipande vya humo nchini. Volkswagen ikajenga kiwanda Puebla, na mwaka 1967 kikaanza kuunda gari ambalo wenyeji waliliita vocho.

Wolfsburg ilipoacha kuunda Beetle mwaka 1974, na Emden mwaka 1978, mkondo uligeuka. Ujerumani, chimbuko la gari hili, ikawa inaliagiza kutoka Mexico hadi mwaka 1985. Wajerumani waliletewa lenye injini ya 1200, huku Wamexico wakiendesha la 1600. Dirisha la nyuma la magari hayo lilikuwa dogo kuliko lile la mwisho lililoundwa Ujerumani, na hiyo ni njia mojawapo ya kuyatofautisha.

Vocho ndilo lililobadilika zaidi kwa ndani. Hewa ya Jiji la Mexico ilichafuka kiasi kwamba serikali ilidai magari yenye moshi safi. Kwa hiyo, kufikia mwaka 1993 gari hili lilikuwa na kifaa cha kusafisha moshi pamoja na mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa kwa elektroniki. Maelfu yalitumika kama teksi jijini humo. Madereva waliking'oa kiti cha mbele cha abiria ili wateja wapate njia ya kuingia nyuma. La mwisho lilitoka Puebla Julai 30, 2003 na kupelekwa katika jumba la makumbusho Wolfsburg.

Waliotengeneza na waliounganisha

Australia ni mfano mwingine. Kiwanda cha Clayton, karibu na Melbourne, kilianza kwa kuunganisha mwaka 1954, kisha kikaanza kukandamiza mabati yake chenyewe. Madirisha yalipopanuliwa Ujerumani, Waaustralia waliendelea na kalibu zao za zamani. Soko lao lilikuwa dogo, na baadaye wakarudia kuunganisha vipande vilivyoagizwa, hadi shughuli hiyo ilipokoma mwaka 1976.

Kwingineko, kazi ilikuwa hasa ya kuunganisha. Jijini Dublin, Ireland, ndiko gari la kwanza nje ya Ujerumani lilikounganishwa mwaka 1950. Afrika Kusini ilifuata katika mji wa Uitenhage, Agosti 1951, ikaendelea hadi 1979. Nchini Nigeria, kiwanda cha Lagos kilianza mwaka 1975 kwa kutumia vipande kutoka Brazil. Beetle la Nigeria, ambalo Wayoruba waliliita ijapa, yaani kobe, lilikuwa basi ndugu wa Fusca.

Jinsi ya kutambua

Anayetaka kununua au kukarabati gari hili asiamini umbo pekee, kwani milango na bampa hubadilishwa. Nambari ya chesisi imechapwa kwenye mhimili wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kwa magari yaliyoundwa tangu miaka ya 1980 yenye nambari ya tarakimu na herufi 17, herufi za kwanza hufichua nchi: 9BW ni Brazil na 3VW ni Mexico. Kabla ya kuagiza kipuri, ni heri kujua hilo kuliko kulipia kioo kisichoingia.

Funzo kwa Kenya

Desemba 2016, Volkswagen ilizindua uunganishaji wa gari aina ya Polo Vivo mjini Thika. Vipande vilitoka Uitenhage, mji ule ule uliounganisha Beetle mwaka 1951. Afrika Kusini ilikuwa imepanda daraja: kutoka kupokea makasha ya vipande hadi kuyatuma kwa wengine.

Haikupanda kwa bahati, wala Brazil na Mexico hazikupanda kwa bahati. Serikali zao zilidai vipande vitengenezwe nyumbani, na wanunuzi wao walikuwa wengi kiasi cha kulipia gharama za kalibu. Australia ilionyesha kwamba sharti la pili lina uzito sawa na la kwanza. Pasipo soko, mitambo hunyamaza.

Nchi zilizokandamiza bati lao zilipata gari lenye jina lao, injini inayofaa mafuta yao na mafundi waliojua sababu ya kila kipande kuwa mahali pake. Zile zilizofungua makasha na kukaza boliti zilipata ajira, jambo lisilofaa kudharauliwa, lakini sura ya gari iliendelea kuamuliwa kwingine. Mwenye kalibu ndiye mwenye neno la mwisho.