Mkanda wa goti: historia ndefu ya kitu kidogo kinachoshika mguu wa bandia

KALENGERA, Rutshuru – Kutoka Kalengera hadi Goma, kwa barabara ya kitaifa namba 2, ni kama kilomita 50. Kwa mtu mwenye miguu mizima, barabara ikiwa wazi, ni safari ya pikipiki ya asubuhi moja. Kwa mtu anayetembea na mguu wa bandia, safari hiyo inategemea kitu ambacho wengi hawakioni: mkanda mdogo unaozunguka mguu, juu kidogo ya pia ya goti. Mkanda ukikatika Rugari, mtu anabaki Rugari, hata kama mguu wenyewe haujavunjika popote.

Vita vimepita kwenye barabara hii mara nyingi: 1996, 1998, 2008, 2012, na tena kuanzia 2022, mapigano yalipofika Rumangabo na Kalengera kwenyewe. Kila mara kuna waliopoteza mguu kwa risasi, kwa bomu au kwa kilipuzi kilichosahauliwa shambani. Wengine waliupoteza kwa ajali ya pikipiki, kwa kisukari, au kwa kidonda kilichochelewa kupata matibabu kwa sababu njia ilifungwa. Kwa hao wote, na kwa familia zao, historia ya mkanda huu si habari ya mbali.

Mchi ndani ya kinu

Mguu wa bandia wa chini ya goti una sehemu tatu kubwa. Juu kuna kikombe kinachopokea kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Katikati kuna bomba au kigogo cha kushika urefu. Chini kuna unyayo.

Mtu anapokanyaga, uzito wa mwili unakisukuma kigutu ndani ya kikombe. Hapo hakuna shida ya kushika. Shida inaanza anapoinua mguu ili apige hatua nyingine. Mguu wa bandia una uzito wake, na uzito huo unauvuta chini. Kama hakuna kinachoushika, unashuka kidogo, kisha hatua inayofuata unapanda tena. Kigutu kinakwenda juu na chini ndani ya kikombe kama mchi ndani ya kinu. Baada ya hatua mia chache ngozi inawaka. Baada ya siku chache kuna kidonda. Mtu mwenye kidonda anauvua mguu, anauweka pembeni na kurudia magongo.

Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi, kwa karne nyingi, walihangaika na swali moja: mguu ufungwe wapi, na ufungwe namna gani, ili usianguke na usiumize?

Ngozi na chuma, tangu 1696

Mwaka 1696, daktari mpasuaji wa Amsterdam aitwaye Pieter Verduyn alionyesha mguu wa bandia wa chini ya goti uliomruhusu mtu kukunja goti lake mwenyewe. Kabla yake, wengi waliokatwa chini ya goti walipiga goti juu ya gongo la mti na kutembea hivyo, goti likiwa limekunjwa siku nzima. Verduyn aliunganisha kikombe na mkoba wa ngozi uliofunga paja lote, na pembeni mwa goti akaweka bawaba za chuma. Mkoba wa paja ndio uliobeba sehemu ya uzito na kuuzuia mguu usidondoke.

Wazo hilo lilidumu. Hata baada ya Vita Kuu ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, Ulaya ilipojaa wanajeshi waliokatwa viungo, wengi waliokatwa chini ya goti waliendelea kupewa mkoba wa paja na bawaba zake. Ulikuwa salama, lakini ulikuwa na gharama mwilini. Ulikuwa mzito na wenye joto. Ngozi ililowa jasho ikanuka na kupasuka. Na kwa kuwa paja lilibanwa kutwa, misuli yake ilikonda mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kitu kilichomsaidia mtu kutembea kilikuwa pia kinampunguzia nguvu za kutembea.

Mkanda mmoja badala ya mkoba

Mabadiliko makubwa yalitokea mwishoni mwa miaka ya 1950 katika Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, Marekani. Watafiti, wakiwemo Charles Radcliffe na James Foort, walitengeneza kikombe cha namna mpya. Waligundua kwamba chini ya pia ya goti kuna kano ngumu inayoweza kuvumilia uzito vizuri kuliko ncha ya kigutu. Kikombe chao kiliiegemea kano hiyo, na uzito uliobaki ukagawanywa pande zote za kigutu. Mwaka 1961 walitoa kitabu cha kuwafundisha mafundi jinsi ya kukitengeneza.

Kikombe kilipoweza kubeba uzito chenyewe, mkoba wa paja haukuhitajika tena kwa watu wengi. Kilichobaki ni kazi ya kuuzuia mguu usidondoke, na kazi hiyo ilipewa mkanda mmoja tu. Unazunguka mguu juu ya pia ya goti, mahali ambapo mguu unapungua unene kidogo. Pia ya goti ndiyo kizuizi: mkanda hauwezi kuteleza kushuka kwa sababu mfupa uko chini yake.

Kuna ujanja mwingine ambao mtu hauoni kwa macho ya haraka. Mkanda umefungwa kwenye kikombe kwa vifungo viwili, kimoja kila upande, na vifungo hivyo vimewekwa nyuma kidogo ya mahali goti linapokunjika. Mtu akinyoosha mguu, mkanda unakaza. Akikaa na kukunja goti, mkanda unalegea wenyewe. Hivyo unashika wakati wa kutembea na kupumzisha damu wakati wa kukaa. Vifungo vikisogezwa hata upana wa kidole, ujanja huo unapotea: mkanda unaanza kukaza mtu anapokaa kanisani au kwenye gari, na kulegea anapotembea.

Mkoba wa paja haukufa kabisa. Bado unatumika kwa mwenye goti dhaifu au kigutu kifupi sana.

Kuufanya mkanda usiumize

Baada ya hapo, historia ya mkanda ni historia ya marekebisho madogo. Mswisi George de Mestral alipata hataza ya velkro mwaka 1955, kitambaa kinachonatana alichokibuni baada ya kuangalia mbegu zinazong'ang'ania nguo na manyoya ya mbwa. Velkro ilimwezesha mtu kufunga mkanda kwa mkono mmoja na kuulegeza kidogo jioni kigutu kinapobadilika. Lakini velkro hujaa vumbi na nyuzi, kisha haishiki tena, na vumbi la mawe ya volkano halikosi njia.

Katika miaka ya 1960, mafundi wa Nancy nchini Ufaransa na wa Münster nchini Ujerumani walijaribu kuuondoa mkanda kabisa. Waliinua kingo za kikombe hadi zikashika mfupa juu ya goti. Mwaka 1986 Össur Kristinsson wa Aislandi, ambaye mwenyewe alizaliwa na tatizo la mguu, alileta soksi ya silikoni inayoshika ngozi. Soksi za aina hiyo zinaweza kuwekewa pini inayojifunga ndani ya kikombe. Ni nzuri, lakini ni ghali, zinachakaa, na zinahitaji maji safi na sabuni kila siku. Katika makambi ambako dumu moja la maji linagawanywa kwa watu wengi, hilo si jambo dogo.

Nje ya hospitali pia tatizo lilikuwa lile lile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Alexander Böck alibuni miguu ya kurukia, yenye springi ndefu, ambayo wachezaji wa sarakasi huvaa ili kuruka juu. Inafungwa kwenye kiatu na chini kidogo ya goti. Wanaoitumia hukutana na lawama hizo hizo: mkanda ukilegea springi inayumba na mtu anaanguka, ukikazwa sana unakata nyuma ya goti. Suluhisho lao linafanana na la mafundi wa miguu ya bandia: mkanda mpana zaidi, sponji laini upande wa ngozi, na bizimu iliyosogezwa mbali na mfupa. Tofauti ni kwamba mchezaji huvua miguu yake mchezo ukiisha.

Kutoka Geneva na Moshi hadi Goma

Kwa nchi zenye vita, swali halikuwa tu namna ya kutengeneza mguu mzuri. Lilikuwa namna ya kuutengeneza karibu na mwenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilianza mpango wake wa viungo bandia mwaka 1979. Baadaye mafundi wake walikuza matumizi ya polipropilini, plastiki inayolainishwa ndani ya oveni na kuvikwa juu ya ukungu wa plasta uliochukuliwa kwenye kigutu cha mtu. Haiozi kwa mvua, haitafunwi na wadudu, na mabaki yake yanaweza kuyeyushwa tena. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Brian Blatchford.

Huko Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kilicho kando ya hospitali ya KCMC kinafundisha mafundi wa miguu ya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1981.

Katika Goma, kazi hii inajulikana kwa jina la Shirika la Umoja, kituo cha watu wenye ulemavu kinachosaidiwa na CICR. Waliofanyiwa upasuaji, wakiwemo wa hospitali ya CBCA Ndosho, wamepelekwa huko kupimwa, kufanyiwa mazoezi na kuvishwa mguu. Kongo yenyewe ilijiunga mwaka 2002 na mkataba wa Ottawa unaokataza mabomu ya ardhini, mkataba unaozitaka pia nchi kuwasaidia waliojeruhiwa na mabomu hayo.

Mguu haumaliziki siku unapovaliwa

Hapa ndipo historia yote inapogusa Kalengera. Miezi ya kwanza baada ya upasuaji, uvimbe unaisha na kigutu kinakonda. Kikombe kilichobana mwezi wa kwanza kinalegea mwezi wa nne. Mtu anaongeza soksi, kisha anakaza mkanda tundu moja, kisha tundu jingine. CICR inahesabu kwamba mtoto anahitaji mguu mpya karibu kila miezi 6 kwa sababu anakua, na mtu mzima kila miaka 3 hadi 5. Kati ya mguu mmoja na mwingine, mkanda ndio unaochakaa kwanza.

Familia zilizokimbia Rutshuru mwaka 2022 na kufikia Kanyaruchinya zilijikuta karibu na Goma, na kwa hiyo karibu na fundi, ijapokuwa maisha ya pale yalikuwa magumu na ardhi ni mawe makali ya volkano yanayochosha goti lolote. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, wengi walirudi vijijini. Waliorudi na mguu wa bandia walipata tena shamba, lakini walikwenda mbali na karakana. Kilomita 50 ni nyingi kwa mtu anayehitaji mkanda tu, na nauli ya kwenda na kurudi si rahisi kuipata kwa aliyelima msimu mmoja.

Mkanda ukikatika mbali na fundi, kinachoshikwa haraka ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Ni hatari kuliko kinavyoonekana. Mpira unavutika, kwa hiyo hauuzuii mguu kushuka. Mtu anazidi kuukaza ili ushike, mpaka unazuia damu, na kigutu kinavimba ndani ya kikombe kigumu.

Fundi wa viatu wa sokoni anaweza kusaidia kwa muda, akipewa mkanda wa zamani kama kipimo. Ashone wa ngozi au wa turubai nene, usiovutika, wenye upana ule ule na urefu ule ule. Upande wa ngozi ya mtu uwe laini, mshono uwe nje, na bizimu ikae pembeni, isikae juu ya mfupa. Mkanda upite juu ya pia ya goti, na nyuma usikate kwenye kikunjo cha goti. Vifungo viwili vya kwenye kikombe visiguswe wala kutobolewa upya: mahali pake pamepimwa.

Jioni, mwenye mguu au mzazi wa mtoto aangalie ngozi. Wekundu unaoisha baada ya dakika chache ni kawaida. Wekundu unaobaki, malengelenge au sehemu iliyobadilika rangi ni alama ya kuvua mguu na kupumzika mpaka ngozi ipone. Mtoto anayeanza kuchechemea, au anayekataa kuvaa mguu asubuhi, asigombezwe. Mara nyingi amekua, na kikombe kimebaki kidogo.

Na kwa yeyote anayepata nafasi ya kufika karakana Goma, hata kama mguu wake hauna tatizo siku hiyo, inafaa aombe mkanda wa pili wa akiba. Unakunjwa na kuingia mfukoni. Kwa watu waliokwisha kukimbia zaidi ya mara moja, unastahili kuwekwa pamoja na kadi ya mpiga kura na karatasi za hospitali, kwenye mfuko unaobebwa kwanza.