Kwa nini kuongeza kasi ya mashine si lazima kuongeze uzalishaji

Katika viwanda vya injini na vipuri, chuma hupitishwa kwenye mashine zilizopangwa kwa mstari. Moja hukereza, nyingine hutoboa, nyingine husawazisha, bila mtu kukibeba. Kwa kila mashine, mhandisi hupanga mambo matatu: kasi ya kukata, mwendo wa kusogeza kisu na kina cha kukata. Akikosea visu huisha upesi, na kisu kimoja kikivunjika mstari mzima husimama.

Umri wa kisu

Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na mhandisi wa Marekani, Frederick Winslow Taylor. Alianza majaribio katika kiwanda cha Midvale Steel, Philadelphia, na kutangaza matokeo mwaka 1906, baada ya kazi ya miaka 26. Aligundua kwamba kasi ikipanda kidogo tu, umri wa kisu hupungua sana. Kwa visu vingi vya kabidi, kuongeza kasi kwa asilimia 20 hupunguza umri huo kwa takriban nusu. Ukiipunguza kwa asilimia 20, kisu huweza kudumu zaidi ya mara mbili.

Anayechelewa ndiye anayeamua

Chukua mfano wa mashine nne zinazotumia sekunde 40, 55, 45 na 50 kwa kila kipande. Mstari huu hutoa kipande kimoja kila sekunde 55, kwa kuwa wote humngoja anayechelewa. Kuiharakisha mashine ya sekunde 40 ni kumaliza visu bure, kwani itamaliza kazi yake na kusubiri. Ni afadhali ipunguzwe kasi ili visu vyake vidumu, na ile ya sekunde 55 ndiyo iongezwe. Ikifika sekunde 50, mstari wote utafaidika. Kuipita hapo hakusaidii, kwa sababu mashine ya nne nayo hutumia sekunde 50.

Kubadilisha visu pamoja

Kubadilisha kisu kimoja nako huweza kusimamisha kazi yote. Kwa hiyo kasi hupangwa ili visu vya mashine mbalimbali vifikie mwisho kwa wakati mmoja, vibadilishwe pamoja, kwa mfano wakati wa kupokezana zamu. Kisu hutolewa kabla hakijavunjika, hata kama bado kina ukali kidogo, kwani bei yake ni ndogo kuliko hasara ya mstari uliosimama.