Kizunguzungu kitokacho sikioni: dawa husaidia nini?

Ukiamka ukaona nyumba inazunguka, ukatapika na kushindwa kusimama, huenda tatizo liko ndani ya sikio. Mbali na kusikia, sikio la ndani lina mirija midogo yenye majimaji inayoujulisha ubongo kichwa kimegeukia wapi. Mirija hiyo ikivurugika, mwili hupoteza mizani. Usinywe dawa ya malaria kwa sababu ya kizunguzungu peke yake. Pima damu kwanza.

Dawa zinazotumika

Promethazini, prokloperazini na sinarizini hupunguza kizunguzungu na kichefuchefu, lakini hazitibu chanzo. Kwa kawaida hutolewa kwa siku chache za mwanzo. Ukizitumia kwa wiki nyingi, ubongo huchelewa kuzoea na kurudisha mizani. Kwa hiyo usiendelee kuzinunua dukani bila ushauri.

Dawa hizi huleta usingizi. Ukizitumia, usiendeshe pikipiki, usipande juu ya paa wala usinywe pombe. Promethazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza.

Wakati vidonge si tiba

Kizunguzungu cha chini ya dakika 1, kinachokuja kila unapogeuka kitandani, mara nyingi husababishwa na chembe ndogo zilizohama ndani ya sikio. Mhudumu aliyefunzwa huzirudisha mahali pake kwa kukugeuza kichwa hatua kwa hatua.

Dawa zinazoweza kudhuru sikio

Sindano za streptomaisini na jentamaisini zinaweza kudhuru sikio la ndani. Kwinini nayo huweza kuleta mlio masikioni na kizunguzungu. Usiache matibabu kwa uamuzi wako, hasa ya kifua kikuu. Mwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa:

- uso umepinda, au mkono na mguu wa upande mmoja umekosa nguvu;
- maneno hayatoki vizuri, au unaona vitu viwiviwili;
- kichwa kinauma ghafla na vikali mno;
- sikio limeacha kusikia ghafla;
- una homa na shingo imekakamaa, au sikio linatoa usaha.

Usiende peke yako, unaweza kuanguka njiani. Beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata zile ulizopewa na jirani.